Ufa Tuliouziba

Mwenzangu, nimechoka. Nianze hapo hapo, nisikuzungushe. Nimechoka na barabara, nimechoka na kutafuta pa kuegesha gari, nimechoka hata na simu yangu mwenyewe. Wiki iliyopita mama alinituma Al Ras, kwenye soko kongwe la viungo hapa Dubai, kununua hiliki. Huku Mirdif tunakokaa maduka yamejaa hiliki za vichupa, lakini mama akiletewa huifungua, huinusa, kisha huniangalia kana kwamba nimemletea mchanga. "Hii imekufa zamani," husema. "Nenda Al Ras." Ndiyo nikaenda, katikati ya joto, kwa ajili ya kikombe cha chai.

Nilipomaliza nikakata kichochoro cha nyuma ya maghala ili nilifikie gari kabla sijaandikiwa faini. Kichochoro hicho sijakipita tangu utotoni. Si kwamba nilikatazwa, sikutaka tu. Na hapo nikaziona nyumba zetu. Tano kwa safu, zimeshikana bega kwa bega, weupe wake mpya unaumiza macho, minara ya upepo, ile ya kuvutia hewa ndani, imesimama juu ya mapaa. Pale mlangoni pa ile ya mwisho, pale Bibi alipokuwa akiweka ndoo ya taka, pana kibao cha makumbusho na mtungi wa maua. Kuingia ni bure, kimeandikwa. Nikasimama. Nikajiambia, ingia tu, mama wewe, faini ni faini.

Nilipovuka kizingiti mkono wangu ukaenda wenyewe ukutani, upande wa kushoto, tulipokuwa tukijishika wakati wa kuvua viatu. Mlinzi akanirukia kwa Kiingereza: madam, ukuta hauguswi. Kijana wa Kikenya, sare imepigwa pasi, macho yana usingizi. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Samahani baba, mkono umezoea."

"Ala! Madam unaongea Kiswahili? Tena ile ya pwani kabisa!" Uso wote ukafunguka. "Wewe ni wa Mombasa?"

"Wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Nimekulia chumba hicho nyuma yako."

Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa na nguvu za kumbishia. Nikamwomba kiti, akaniletea cha kwake, nikakaa kitako na mfuko wangu wa hiliki mapajani. Haya ninayokwambia yalinijia pale pale, kwa mpigo.

Safu ile, kwa masimulizi ya Bibi, ilijengwa na tajiri mmoja wa vitambaa aliyekuwa na mabinti watupu. Hakutaka binti zake wakiolewa watawanyike mji mzima, wala hakutaka wakitembeleana wapite kichochoroni machoni mwa mahamali. Basi akajenga nyumba zenye kuta za shirika, ukuta mmoja unatumikia nyumba mbili, na juu kwenye mapaa akaacha vilango, ili binti wa kwanza aweze kutoka kwake akafika kwa wa mwisho bila kukanyaga chini. Nyumba zote sawasawa: mlango uleule wa mbao nene wenye misumari, ngazi ileile nyembamba, ua mdogo katikati, mnara wa upepo kila mmoja na wake. Asiwepo wa kumwonea mwenziwe wivu. Bibi akifika hapo hucheka. "Wakagombana vilevile," husema. "Kila mmoja anadai mnara wa mwenziwe unamwibia upepo."

Babu yangu alikuwa karani wa tajiri huyo. Alikuja kutoka Unguja na Bibi angali bi harusi, na binti wa mwisho alipohamia ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoukata mji, tajiri akampa babu nyumba hiyo ya mwisho wakae. Kukaa tu, si kumiliki. Tajiri akafa, babu naye akafa, neno lile la kukaa likabaki kama lilivyosemwa, mdomoni. Mie nilipopata akili, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, tulikuwa pale Bibi, baba, mama na mie, na kila mtu mwenye uwezo alikuwa keshahama. Wenzangu wa skuli walikaa kwenye maghorofa yenye lifti. Mie nikiulizwa nakaa wapi nasema "karibu na soko" kisha nabadilisha mazungumzo.

Vyumba vyetu vilikuwa virefu na vyembamba, kama ukumbi wa kupitia. Hakuna zulia lililowahi kuenea vizuri. Baba alinunua kitanda kipana mara moja, akakizungusha asubuhi nzima, mwisho akakirudisha dukani na miguu yake juu. Bibi alimtazama tu. "Si nilikwambia?" Maana yeye alijua sababu. Dari ile ilikuwa ya boriti, miti ya mkoko iliyokatwa kwetu, Rufiji na Lamu huko, ikaletwa huku ambako hakuna mti wa kujengea. Na mkoko una kimo chake, haurefuki kwa kumpendeza tajiri. Urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba, uwe nacho au huna. Bibi akilala chali baada ya chakula cha mchana huzitazama boriti zile na kusema, "Hawa ni wa kwetu, wametutangulia." Alikuwa anazisalimia, wallahi. Ukiingia chumbani ukamkuta anaongea peke yake, ujue anaongea na dari.

Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe kutoka horini, na ukichungulia mahali palipochubuka unaona kombe ndogo ndani ya jiwe. Juu yake chokaa, na juu ya chokaa, chokaa nyingine, kila mwaka tabaka lake. Zilikuwa zinachuja unga. Kila asubuhi vumbi jeupe limelala juu ya mashuka, juu ya televisheni, juu ya nywele zako. Kazi yangu kabla ya skuli ilikuwa kukung'uta mashuka uani na kufagia, na kila siku nilinung'unika. Chini karibu na sakafu ukuta ulitoa chumvi, nyeupe, laini, nami niliilamba kwa ulimi. Mama alinichapa kwa hilo. Mnara wa upepo ulikuwa umezibwa kwa mbao ili ubaridi wa mashine usipotee, lakini mbao zilikuwa na nafasi, na upepo mchache uliopenya ulishuka na harufu ya ndimu kavu kutoka maghalani na ya mavi ya njiwa. Ni harufu mbaya ukiisema hivi. Lakini nikiipata leo, popote, naweza kukaa chini nikalia.

Sasa nikwambie habari za jirani, maana bila yeye hutaelewa. Nyumba iliyofuata yetu, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Bibi, alikaa mjukuu wa tajiri yule, bibi mtu mzima naye, mjane, wa mwisho wa ukoo kubaki kwenye safu. Yeye na Bibi yangu walijuana tangu ujana. Waliongea Kiarabu chao wenyewe, nusu cha huku nusu cha kubahatisha. Bibi akimtaka hugonga ukuta kwa mchi wa kinu, gubu gubu, na upande wa pili hujibiwa kwa kitu cha chuma, sijui sufuria. Hapo mie napewa sahani nipande nayo paani, nipite kwenye kilango, nimpelekee. Vitumbua huenda, kaimati hurudi. Walibishana maisha yao yote kaimati ni za nani, za kwetu au za kwao, huku wanazila. Na sheria ilikuwa moja, kwetu na kwao: sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiletewa kitu, sahani hukaa kwako mpaka nawe umepika cha kuirudishia.

Wanawe walipojenga nyumba Mirdif, bustani mbele, dereva, msichana wa kazi, wakaja kumchukua. Alilia, masikini, akashikwa mkono kama bi harusi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametuletea kaimati kwenye sahani yake nyeupe yenye maua ya buluu, na sahani ikabaki kwetu. "Nitampelekea na mkate wa kumimina," Bibi akasema. Lakini Mirdif wakati ule, kwa mtu asiye na gari, ilikuwa safari. Baba alifanya kazi Ras Al Khor, kwenye ghala la vipuri vya magari, siku sita kwa wiki, na siku yake ya mapumziko hulala. Ijumaa ikapita, nyingine ikapita. Nyumba ya jirani ikajazwa magunia ya ndimu kavu. Bibi aligonga ukuta mara moja mchana mmoja, nadhani kwa kusahau, akabaki na mchi mkononi anasikiliza. Mie nilijifanya sikuona.

Haukupita muda wakaja wakaguzi wa manispaa. Mkubwa wao alikuwa kijana wa hapahapa, kanzu nyeupe, adabu nyingi, alivua viatu mlangoni. Alimweleza Bibi polepole kwamba safu nzima itafungwa ili itengenezwe. Nyumba dhaifu zitahamwa mara moja. Lakini nyumba yenye kuta imara na wazee ndani yake, hao wataachwa wakae mpaka uamuzi wa mwisho, na huenda, inshallah, wakaachwa moja kwa moja. Atarudi joto likipungua kuziangalia. Kisha akaingia chumbani kwa Bibi, akauona ufa. Ulianza sakafuni kwenye ukuta wa shirika ukapanda mpaka kwenye kidaka alichowekea Kurani yake. Yule kijana akautia kidole. Kidole kikaingia. Bibi hakukiondolea macho kidole kile mpaka kilipotoka.

Walipoondoka alikaa kitandani kwa muda. "Hapa ndipo nilipoletwa," akasema. "Babu yako alipokufa nilimwoshea hapo ukumbini. Nikitoka hapa, nitatoka nimebebwa." Halafu akamgeukia baba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo msemo huujui wewe? Mtu mzima mwenye ndevu!"

Baba aliujua. Nani kwetu asiyeujua? Na jibu lilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Miaka ile Dubai nzima ilikuwa inajengwa kwa saruji. Akienda kazini anapita minara inayoinuka, akirudi imeongezeka, malori yanazungusha saruji barabarani mchana kutwa, na mambo yote mapya, yote imara, yote ya watu wenye bahati, yalikuwa ya rangi ya kijivu. Chokaa ilikuwa kitu cha zamani, cha maskini, inakuchafulia shuka. Usifikiri Bibi alipinga. Watu hupenda kudhani wazee walijua. Bibi alizaliwa ndani ya mawe na chokaa, Unguja, lakini kazi ya ukuta ilikuwa ya wanaume, naye alichojua kuhusu chokaa ni kwamba inafagiwa. Yeye ndiye aliyesema, "Tia saruji, mwanangu. Itie nene."

Baba akamwomba arbab wake, bosi wa ghala, pikapu, Ijumaa akaja na mifuko ya saruji na mwenzake wa kazini, Mganda mmoja mcheshi aliyejua kushika mwiko. Siku ile nyumba ilikuwa na furaha, mwenzangu, sijawahi kuiona tena furaha ya namna ile. Mama alipika pilau. Mie nilichota maji. Wakakwangua chokaa yote iliyokuwa inachuja, wakapiga saruji kutoka sakafuni mpaka zaidi ya kimo cha mtu, wakaupiga ukuta wote wa shirika na nusu ya ule wa nje. Bibi alisimama katikati na bakora yake, anaamrisha. "Pale! Umepaacha pale! Macho yako yako wapi?" Yule Mganda akipiga mwiko anamjibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Jajja, ukuta huu sasa hata gari likiugonga, gari ndilo litakalolia."

Saruji ingali mbichi, Bibi akaenda kabatini akarudi na ile sahani ya maua ya buluu. Akasema nyumba ya bibi yake, kwao, ilikuwa na sahani ukutani, zimepachikwa, pambo la watu wa kale. Aipachike hapo, juu ya ufa ulipokuwa.

Mama akashtuka. "Lakini mama, sahani ya watu? Si ulisema utaipeleka?"

"Ukuta huu ni wetu sote wawili," Bibi akasema. "Ikikaa hapa, imekaa kwake na imekaa kwangu. Siirudishi tupu, wala sijaila." Baba akaikandamiza kwenye saruji mpaka ukingo, akaizungushia kidole kulainisha. Ilipendeza, sikufichi.

Miezi ya mwanzo Bibi alikuwa mtu mwingine. Vumbi limekwisha. Anaamka, anapangusa mto wake kwa kiganja, anakionyesha: safi. Kila mgeni aliyeingia alilazimishwa kuugonga ukuta. "Gonga. Gonga usikie. Jiwe hilo!" Alianza kupanga mambo ya mbali, kupanda mkunazi uani, kumwita jirani yake aje kuona sahani ilivyokaa. Nami nilianza kuwaambia wenzangu skuli kwamba nyumba yetu ni ya kale, ya tajiri, na kwamba hatuhami.

Halafu likaja joto lenyewe, lile la unyevu, ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Uso wa saruji ukaanza kufura. Vipele vidogo kwanza, ukivibonyeza vinatoa maji ya chumvi. Chumvi iliyokuwa ikikaa chini karibu na sakafu, niliyokuwa nikiilamba, sasa ilitokea juu, juu ya mpaka wa saruji, karibu na boriti, pale ambapo haijawahi kuonekana. Baba akasema saruji haikutosha. Akaleta mfuko mwingine, akapiga tabaka la pili. Bibi akawa haaliki tena watu kugonga, kwa sababu ukigonga ulikuwa unasikia uwazi ndani. Tulikula, tulilala, tulisali, na kila mmoja wetu alikuwa anautazama ukuta kwa pembe ya jicho.

Mchana mmoja tunakula, tukasikia kishindo chumbani kwa Bibi. Bamba zima la saruji, kubwa kama mlango, limeanguka kitandani, na limeshuka na uso wa mawe. Nyuma yake ndani ya ukuta chokaa ya zamani ilikuwa imelowa, laini kama unga uliomwagiwa maji. Unaikamata, inakwenda. Kilichobaki kimesimama ni kipande kimoja kati, kile chenye sahani. Alhamdulillah Bibi alikuwa mezani nasi. Aliingia, akaangalia, akasema, "Nileteeni ufagio." Alifagia yeye mwenyewe, hakutaka tumsaidie.

Mkaguzi aliporudi, Bibi alikuwa amefukiza udi na kupika kahawa, na palipoanguka ametundika zulia. Alimkaribisha kama mwanawe. Kijana akalisogeza zulia kwa vidole viwili, akalirudisha polepole, akakaa chini.

"Nani ametia saruji, mama?"

"Mie," Bibi akasema, kabla baba hajafungua mdomo. "Nimeziba ufa."

Yule kijana akashika kichwa. Alisema, na hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali angekasirika, "Mama, ungeuacha ule ufa. Ule ulikuwa hauna neno." Akaeleza kwamba kuta hizi zinakunywa maji ya hori kwa chini na kuyatoa kwa pumzi yake, ndiyo maana zinachuja, ndiyo maana zina chumvi. Ukizifunga kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda, yanaozesha ndani. Na ukuta ni wa nyumba mbili, basi na ya jirani nayo imeharibika. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akammiminia kahawa.

Unajua desturi ya huku: mgeni asipotikisa kikombe, wewe unaendelea kumimina. Yule kijana hakutikisa. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, anatazama chini, na Bibi anamimina, na sote tulijua kwa nini hatikisi. Bibi akalishika dele, birika lake la kahawa, kwa mikono miwili. Mwisho kijana akakitikisa kikombe, akakiweka chini. "Khalas, mama, imekwisha," akasema. "Unisamehe."

Tulihamia ghorofa ya kupanga, Qusais. Siku ya kuondoka baba alitaka kuibandua sahani kwa kisu. Bibi akamzuia. "Iache. Hata ikitoka nzima, nitairudishia nini? Nimemwozeshea na nyumba yake." Alitoka kwa miguu yake, hakubebwa. Natamani ningeweza kusema hilo lilikuwa jambo jema. Kule Qusais alichukua mchi siku moja akagonga ukuta wa jikoni, na aliyekuja ni bawabu wa jengo, kutuambia watu wanalalamika. Jioni zake akawa anakaa na mikono mapajani. Mara kwa mara, katikati ya habari nyingine kabisa, anasema, "Nami nikaziba ufa," kisha anaendelea na ile habari. Hakumaliza miaka mingi. Jirani yake aliletwa na dereva kwenye matanga, akaukalia mkeka wetu kutwa nzima. Hakuuliza sahani.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yakinipita kichwani pale kwenye kiti cha mlinzi. Mashine ya ubaridi inanguruma, watalii wanaingia na kutoka. Chumba kilekile, chembamba vilevile. Boriti mbili tatu ni mpya, nyingine ni wale wale wa Bibi. Nikazipa salamu kimoyomoyo. Ukuta wa shirika wameujenga upya kwa mawe na chokaa, kazi nzuri, siwezi kuitia kasoro. Lakini katikati wameacha sehemu moja haikuguswa, wameiwekea kioo mbele. Nikainuka nikasogea. Ndani ya kioo: jiwe lenye kombe, chokaa juu ya chokaa, kisha saruji ya kijivu ya baba yangu, matabaka mawili. Na ndani ya saruji, sahani yenye maua ya buluu. Alama ya kidole cha baba kuizunguka inaonekana bado.

Mlinzi akaja akasimama kando yangu, anataka kunisaidia. "Hapo ndio watu hupenda kupiga picha, madam. Hii sahani ati ni ya tajiri mwenye nyumba, ya zamani sana. Na hii ya grey ni ya wale walikuja kukaa baadaye. Guide husema hawa ndio waliharibu nyumba, hawakujua thamani yake. Si unajua vile sisi husema, usipoziba ufa utajenga ukuta? Hawa hata ufa hawangeziba."

Nilimtazama. Kijana mwenye adabu zake, mbali na kwao, anarudia alichokisikia. Ningeweza kumweleza yote haya niliyokueleza wewe. Ningeweza kumwambia tajiri hakuwahi hata kuiona sahani ile. Lakini nilikuwa nimechoka, mwenzangu, na maneno yaliyonitoka yalikuwa machache.

"Waliuziba," nikamwambia. "Walitaka kubaki."

Akaniangalia, akakiangalia chumba nyuma yake, kile nilichomwambia nimekulia, na nikamwona anaanza kuelewa. Kisha akageuka, akaenda mlangoni, akanipa mgongo, akawa anatazama kichochoro ambacho hakikuwa na mtu. Nikauweka mkono wangu ukutani, juu ya chokaa mpya. Nilipouondoa ulikuwa mweupe wa vumbi, ukuta unachuja. Sikuupangusa. Nikachukua hiliki zangu nikaenda kwenye gari, na kule Mirdif mama alipofungua mfuko na kuinusa, akaniuliza mbona mkono wangu una unga.